Fundi Anayerudi na Jeshi Lake

Age of Empires II ni mchezo wa kompyuta wa kujenga miji na kupigana vita vya zama za kati, enzi za ngome, mikuki na farasi. Ulitoka mwaka 1999, ukafanyiwa ukarabati mkubwa mwaka 2019, na hadi leo wapo watu wanaokula kwa jasho la kuucheza. Mgeni akitazama mashindano yake, macho humtoka pale majeshi yanapovaana. Mimi navutiwa zaidi na kinachofuata dakika moja baadaye: mchezaji hodari anaondoka na askari wake karibu wote, na mwenzake anabaki kuhesabu maiti.

Ufundi huo wote umezaliwa na kanuni moja ndogo. Askari wa mchezo huu akijeruhiwa hadhoofiki. Mpiga mishale wa kawaida ana pointi 30 za uhai. Akibakiwa na moja, mshale wake unachoma sawasawa na wa mwenzake ambaye hajaguswa. Maana yake, majeraha hayapunguzi nguvu ya jeshi hata chembe. Vifo ndivyo vinavyopunguza. Ndiyo maana fundi hamsumbukii aliyeumia. Anamtafuta aliye karibu kufa, anamvuta hatua tatu nyuma ya wenzake, adui analazimika kuanza upya na mwingine, na yule mahututi anaendelea kufyatua mishale kama kawaida.

Faida ya kuokoa watu wachache ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Frederick Lanchester, mhandisi Mwingereza, aliichambua hesabu yake katika kitabu alichokitoa mwaka 1916: makundi yanapopigana kwa silaha za mbali, nguvu ya kundi huenda na mraba wa idadi yake. Chukua wapiga mishale 20 dhidi ya 10, wanaolingana kwa kila kitu. Mraba wa 20 ni 400, wa 10 ni 100. Tofauti ni 300, na kipeuo chake cha pili ni 17 na ushei. Yaani kumi wote wanateketea, na upande wa pili unapoteza takriban watatu tu. Mchezo haufuati hesabu hii neno kwa neno, kwa sababu kuna miti, kuna vilima na kuna mishale inayopotea, lakini mwelekeo ni huohuo. Wachache uliowaokoa asubuhi ndio watakaokupa pambano la mchana kwa bei ya chee.

Sasa mikono. Mpiga mishale akishafyatua, hukaa kama sekunde 2 kabla ya kufyatua tena. Mchezaji wa kawaida humwacha amesimama muda wote huo. Fundi humtembeza: mshale unatoka, kundi linarudi nyuma hatua chache, linageuka, mshale unatoka tena. Ukiwatembeza mapema mno, mshale hautoki kabisa. Ukichelewa, wenye mikuki wa adui wameshafika. Kutazama Hera wa Kanada au TheViper wa Norwei wakifanya hivyo dakika nzima bila kukosea pigo ni raha ya pekee, na si kwa sababu ya kasi tu. Utulivu wao ndio unaonishangaza. Vidole viko mbioni, lakini uamuzi hauna haraka.

Kuna adui mmoja ambaye hatembezewi hivyo, nao ni mtambo wa kurusha mawe. Jiwe lake lina nguvu ya 40 na huumiza eneo zima linapoangukia. Mpiga mishale, hata akipandishwa daraja la pili, ana pointi 35. Pigo moja kwenye kundi lililobanana linaweza kumaliza kazi ya robo saa. Wokovu ni kwamba jiwe ni la polepole, na huanguka pale mlengwa alipokuwa wakati linarushwa. Basi mchezaji anaukodolea macho mkono wa mtambo. Ukiinuka tu, analipasua kundi mara mbili, nusu kushoto, nusu kulia, jiwe linapiga udongo mtupu, kisha nusu zote zinaukimbilia mtambo kabla haujajaza tena. (Mtambo wenyewe hauchagui. Jiwe linaua hata askari wa aliyelirusha, na wako waliojimaliza kwa uchu wa kubofya.)

Mengine ni akili ya ardhi. Anayepiga kutoka juu ya kilima anaongeza madhara kwa asilimia 25, na aliye bondeni anapunguziwa kiasi hichohicho. Kwa hiyo kukataa kupigana bondeni ni kuokoa watu kabla ya mshale wa kwanza. Na kukataa ndiko kugumu. Kwenye bao la Kiswahili, ukiwa na cha kula huruhusiwi kutakata, yaani kucheza bila kula; sheria inakusukuma uende. Hapa hakuna anayekulazimisha. Wapanda farasi wa adui wanapita mbele yako, mkono unawasha, nawe unajua wana mbio kuliko wapiga mishale wako na uwanja ni mweupe. Fundi anarudi chini ya ngome, anawaingiza majeruhi ndani wapone, au anawaachia watawa kazi ya kuwatibu, kisha anangoja wenye mikuki wake wafike.

Lakini huruma nayo ina gharama. Mpiga mishale mmoja hugharimu mbao 25 na dhahabu 45. Mkulima mpya huchukua chakula 50 na sekunde 25 kuzaliwa, na kila wakati unaoupoteza ukimbembeleza askari mmoja huku kituo cha mji kinachowazaa wakulima kikiwa kimelala, uchumi unavuja kimyakimya. Wachezaji wa kati, waliojifunza majuzi kutembeza kundi, ndio wanaonaswa hapa: wanashinda kila pambano dogo na kushindwa mchezo. Mabingwa wana ukatili wa kiasi. Utawaona wakiwatembeza askari kwa ustadi, mara ghafla wanawaacha sita wafe peke yao msituni, kwa kuwa mawe 650 ya kujengea ngome yametimia, na mahali pa kuisimamisha ni upande wa pili wa ramani.