Watchmen: Urithi Usio na Hiari

Katika sehemu ya sita ya tamthilia ya Watchmen, iliyorushwa na HBO Novemba 2019, mpelelezi Angela Abar anameza vidonge vyenye kumbukumbu za babu yake, Will Reeves, na kujikuta New York ya mwaka 1938. Mwongozaji Stephen Williams angeweza kumweka pembeni atazame tu, kama mgeni wa makumbusho. Badala yake kamera inamzunguka Will, na ikikamilisha mzunguko anayesimama pale ni Angela, ndani ya sare ileile, bila mtazamaji kuona picha ikikatwa. Hapo ndipo ilipo hoja ya kazi hii: ushujaa haurithishwi kama cheo au jina, unaingia mwilini pamoja na maumivu yake, na mrithi hapewi nafasi ya kuchambua achukue nini. Katika katuni asilia ya Alan Moore na Dave Gibbons ya 1986 na 1987, uso wa shujaa Hooded Justice haukufichuliwa. Waandishi Damon Lindelof na Cord Jefferson walilijaza pengo hilo kwa ujasiri: Hooded Justice ni Will, polisi mweusi, na kamba na kofia vinavyowatisha wahalifu ndivyo polisi wenzake wazungu walivyomtundikia mtini, wakamshusha kabla hajakata roho. Vazi la shujaa ni kielelezo cha jinai.

Atasema mtu kwamba ujanja huu wa kubadilisha nyuso unamsafisha muuaji, kwa kuwa Regina King, anayemwigiza Angela, tumeshampenda kwa sehemu tano, na uso wake unafuta damu mikononi mwa Will. Ingekuwa hivyo kama hadithi ingeishia kwenye ghala analoliteketeza baada ya kuwaua wabaguzi wa kundi la Cyclops. Lakini inamfuata hadi nyumbani, ambako mwanawe mdogo anajipaka rangi nyeupe usoni amwige baba, anayejipaka hivyo chini ya kofia. Will anamkamata na kumsugua kwa hasira, naye mkewe June anarudi Tulsa na mtoto. Kisha inafika mwaka 2019. Mwanga wa kupumbaza akili, silaha ya Cyclops dhidi ya watu weusi, sasa uko mkononi mwa mzee Will, na kwa huo anamfanya mkuu wa polisi Judd Crawford ajinyonge. Ndiyo, Judd alificha joho la Klan kabatini. Alikuwa pia rafiki wa Angela, na Angela alishamlilia. Sasa anabeba kichwani msiba wa aliyekufa na kumbukumbu ya aliyemuua.