Vyombo Vingine Vilikwenda Wapi?

Ndugu msomaji, nikiri mapema: mimi si mchungaji wala sijasoma theolojia. Nilimaliza kidato cha nne, na sasa nina madaftari matatu ya riwaya ambayo bado haijapata mchapaji. Ninachokijua kidogo ni jinsi hadithi inavyomshika mtu na jinsi inavyomwachia. Kwa hiyo nataka kuihakiki desturi moja tunayoipenda sana vijana katika vikundi vya sala: ile ya kufumba macho na kujiingiza ndani ya kisa cha Biblia.

Desturi yenyewe si ya jana. Mwaka 1521 kule Pamplona, Hispania, askari mmoja aitwaye Ignasi wa Loyola alivunjwa mguu na risasi ya mzinga. Akiwa kitandani aliomba vitabu vya mashujaa na mapenzi. Havikuwamo nyumbani, akapewa maisha ya Kristo na ya watakatifu. Yaani mpenzi wa riwaya aliyekosa riwaya! Baadaye akaandika Mazoezi ya Kiroho, kitabu kilichoidhinishwa na Papa Paulo wa Tatu mwaka 1548. Humo anamtaka msomaji ajenge mahali kwanza: njia ya kwenda Bethlehemu ni ndefu kiasi gani, ni tambarare au ya mabonde, pango ni kubwa au dogo. Kisha aingie kama mtumishi mdogo asiyestahili, atazame na kuhudumia.

Hapo ndipo tunapokosea wengi wetu. Mahali tunapajenga vizuri, ila utumishi hatuutaki. Tukiingia tu, tunajifanya wakubwa wa kisa.

Nami nilifanya hivyo hivyo. Mwaka juzi niliongoza tafakari ya dhoruba, Marko sura ya 4, katika kikundi chetu hapa kandoni mwa ziwa. Nilijiandaa kweli. Niliwaketisha wenzangu chomboni, nikawapa radi, ngurumo na tanga kubwa linalochanika. Nikamtia Yesu maneno matatu manne ya upole ambayo Marko hakuyaandika. Watu walilia. Basi nikajiona Shaaban Robert mdogo.

Tulipofumbua macho, mama mmoja ambaye mumewe alikwenda kuvua dagaa usiku asirudi, akaniuliza:

"Mwanangu, mle mna vyombo vingine vilivyofuatana naye. Hivyo umeviacha wapi?"

"Navyo viliokoka, mama."

"Imeandikwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikafungua Injili tatu kwa pamoja. Mathayo na Luka wanasimulia dhoruba hiyo hiyo, lakini vyombo vingine hawavitaji, wala ule mto aliolalia Yesu kule shetri. Ni Marko peke yake. Tena Marko anavileta vyombo hivyo mara moja tu, halafu harudi kwao kabisa. Ingekuwa insha ya shule, mwalimu angeweka alama nyekundu. Mimi naona ni mlango ulioachwa wazi, na mimi niliupita nikikimbilia radi. Ubunifu wangu ulikwenda mahali ambapo mwandishi alikwisha washa taa, ukaogopa penye giza.

Hata chombo chenyewe nilikikosea. Mwaka 1986, ukame ulipopunguza maji ya Bahari ya Galilaya, wavuvi wawili ndugu waliona mabaki ya chombo cha kale kwenye tope karibu na Ginosar. Wataalamu wanakiweka katika zama za Yesu au karibu nazo. Urefu wake ni mita 8 na kidogo, upana mita 2 na ushei. Mimi nilikuwa nimechora jahazi! Weka watu zaidi ya kumi katika chombo cha namna hiyo, na aliyelala yuko umbali wa hatua chache tu. Wanatoa maji huku wakimwona amelala. Hofu yao inageuka uchungu: hivi huyu hajali? Na hiyo "bahari" ni ziwa la maji baridi, zaidi ya mita 200 chini ya usawa wa bahari, limezungukwa na vilima, upepo unashuka ghafla. Wavuvi wa huku kwetu hawahitaji kuelezwa.

Wako watakaosema: acha kabisa kubuni, soma ulivyoandikiwa. Sikubali. Ukisoma neno "chombo" tayari umeona chombo fulani, upende usipende. Afadhali ujue kipi ni cha Marko na kipi ni chako. Picha naruhusu. Maneno ya kumtia Yesu kinywani, hapana. Na kila unapoingia katika kisa, mtafute aliyetajwa mara moja akasahauliwa, ukae naye.

Mwezi uliopita nilipewa tena sura ile ile. Safari hii niliwaketisha wenzangu katika vyombo vile vingine. Nikataja giza, upepo, maji miguuni, na mbali kidogo kile chombo alichomo Yesu. Halafu nikanyamaza. Yule mama alikaa amefumba macho muda mrefu kuliko sisi sote. Sikumwuliza aliona nini.

Wenzangu mnaoshika kalamu, kama nimepotoka, nikosoeni katika kurasa hizi hizi.