Kulinda Amani: Uhakiki wa Istilahi Moja ya Vita vya Somalia

Miongoni mwa istilahi ambazo Kiswahili kimezipokea kutoka katika lugha ya diplomasia, "kulinda amani" ni mojawapo ya zilizoenea mno. Imetumiwa redioni, magazetini na bungeni hata ikazoeleka, na lililozoeleka aghalabu halihojiwi. Makala haya yanakusudia kuihoji kwa vipimo viwili: maana ya maneno yake katika usemi wa pwani, na vita vya Somalia ambavyo Mombasa iliviona kwa karibu.

Mtaa wa Majengo, katika kisiwa cha Mombasa, ni mahali pafaapo kwa kazi hiyo. Barazani mwake Kiswahili ni lugha ya kila siku, tena vita vile havikuwa habari za mbali. Serikali ya Siad Barre ilipoangushwa Januari 1991, Wasomali wengi walikimbilia Mombasa. Walikuwamo watu wa Barawa, ambao Chimiini chao ni ndugu wa Kimvita. Kambi za wakimbizi zilifunguliwa Utange na kwingineko, zikafungwa katika muongo uo huo. Agosti 1992 ndege za Marekani zilianza kupeleka chakula Somalia kutoka uwanja wa ndege wa Mombasa. Msikilizaji wa Majengo, basi, alilijua neno na aliwajua waliokimbia.

Katika usemi wake, mkulima hulinda ndege mpunga ukishatoa masuke. Hakwei dunguni juu ya shamba lisilopandwa. Mlinzi wa usiku naye hukesha mlangoni pa duka lenye bidhaa. Kitenzi "linda" hudai kwamba kinacholindwa kiwepo kabla ya mlinzi. Nomino "amani" nayo, yenye asili ya Kiarabu, ni ya shina moja na "amini" na "amana". Amana huwekwa na mwenyewe kwa mtu amwaminiye. Mwenye kuishika hajikabidhi. Maneno haya yakiungana hutoa masharti mawili: amani iwepo, na wenyewe wawe wamemkabidhi mlinzi.

Masharti hayo yalitimia kwa kiasi gani Somalia? Machi 1992 Ali Mahdi na jenerali Aidid walitia saini mkataba wa kusimamisha mapigano Mogadishu, na Aprili Baraza la Usalama likaunda UNOSOM, ambayo waangalizi wake hamsini walitakiwa kuutazama mkataba huo. Hapo neno lilikuwa na walau kivuli cha ukweli. Lakini Desemba 1992 Azimio 794 liliruhusu nguvu kutumika, na Machi 1993 UNOSOM ya pili ilipewa mamlaka ya kuwanyang'anya wapiganaji silaha. Juni 5, 1993 askari 24 wa Pakistani waliuawa. Oktoba 3 na 4 waliuawa Wamarekani 18 pamoja na mamia ya Wasomali. Machi 1995 majeshi yakaondoka, na vita vikabaki. Aliyekuwa akilinda amani aligeuka kuwa upande mmojawapo wa vita, hali jina lake halikubadilika.

Mfano wa Kenya ni dhahiri zaidi kwa kuwa jina lenyewe lilitungwa kwa Kiswahili. Oktoba 2011 jeshi la Kenya liliingia Somalia katika operesheni iliyoitwa Linda Nchi. Mwaka 2012 jeshi hilo lilitiwa katika AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika, na askari wale wale wakaitwa walinda amani. Kitenzi kilibaki kilivyokuwa. Kilichobadilishwa ni yambwa. Nchi ya mlinzi ina mipaka ijulikanayo, na ilikuwepo kabla yake. Amani ya jirani haikuwepo, wala haijulikani ni nani aliyeiweka amana.

Pengine patakuwa na wa kusema kwamba maneno hupanuka kwa matumizi, na kwamba jina si hoja mbele ya kazi. Ni kweli kwamba Oktoba 2014 majeshi ya Somalia na AMISOM yaliwatoa Al-Shabaab katika mji wa Barawa, na kwa Mbarawa aliyekuwa ugenini hilo halikuwa jambo dogo. Lakini Kiswahili kina neno lake kwa tendo hilo, nalo ni kukomboa. Kupigana kwa ajili ya mji si aibu ihitajiyo kusitiriwa.

Neno lililosahauliwa katika mjadala huu ni "sulhu". Kati ya Januari na Mei 1993 wazee wa koo walikutana Borama, kaskazini, wakasuluhishana na kuunda utawala bila jeshi la kigeni kuwasimamia. Huko amani iliwekwa na wenyewe kwanza, ulinzi ukafuata.

Udhaifu wa istilahi hii, kwa hiyo, si wa sarufi bali ni wa uwajibikaji. Huonyesha kuwa kazi ngumu kuliko zote, ya kuipatanisha nchi, imekwisha kufanywa na mtu fulani. Mwandishi wa habari angewafaa wasomaji wake kwa kutenga matendo manne: kusuluhisha, kusimamisha vita, kupigana, na kulinda. La mwisho lingesubiri zamu yake. Mkimbizi wa Utange aliyengoja kurudi kwao alihitaji kujua ni lipi kati ya hayo lililokuwa likitendeka, kwa kuwa hilo ndilo lililoamua kama atafungasha mizigo au ataendelea kungoja.