Dia ya Farasi

Katika juzuu ya pili ya The Lord of the Rings, iliyotoka mwaka 1954, Legolas anasimama katikati ya mbuga ya majani na kutazama mbali. Yeye si binadamu, na macho yake hufika pasipofika ya wenzake, Aragorn na Gimli. Anaona wapanda farasi wakija mbio na kuwahesabu: 105. Baadaye kidogo anasema kwamba matandiko matatu hayana mtu. Wapanda farasi hao wanafika, wanawazingira wageni kwa mikuki, kisha kiongozi wao, Éomer, anaeleza vita walivyotoka kupigana. Amepoteza watu 15 na farasi 12. Msomaji wa haraka hupita tu. Mwenye subira atatoa 12 katika 15 na kupata yale matandiko matatu. Mazungumzo yakiisha, farasi waliobaki bila wenyewe wanaazimwa wageni: Aragorn anapewa Hasufel, Legolas anapewa Arod, na Gimli anapoletewa wake anasema ni afadhali atembee kwa miguu. Hesabu imefunga, na mwandishi hakumshtua mtu yeyote kwamba kulikuwa na hesabu.

Wapanda farasi hao ni Rohirrim, na aliyewabuni ni J.R.R. Tolkien, mzaliwa wa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, ambaye tangu 1925 alikuwa profesa wa Kiingereza cha kale huko Oxford. Mwandishi wa kawaida angetuambia kwamba Rohirrim wanawapenda sana farasi wao. Tolkien anamwacha Éomer atoe taarifa ya vita kwa sauti kavu ya askari: watu 15 wamekufa, na farasi 12, ole wetu. Hiyo “ole wetu” imekaa baada ya farasi. Si kwamba kijana huyu hana uchungu na wenzake. Kufa vitani ni jambo ambalo kila mmoja wao alilikubali alipopanda, farasi hakuulizwa. Mila ya watu imepita katika mdomo wa mtu mmoja bila yeye kujua kama ameisema.

Sheria zao nazo hatusomewi. Tunazijua pale mtu anapozipinda. Mgeni haruhusiwi kutembea katika nchi yao bila idhini ya mfalme, na hilo tunalijua kwa sababu Éomer anawaacha wageni waende, tena juu ya farasi wa Rohirrim, huku akiwaambia kwamba ameweka maisha yake rehani katika uaminifu wao. Watu wake wanatazamana kwa mashaka. Wageni wanapofika Meduseld, jumba la mfalme Théoden, bawabu Háma anawataka waache silaha mlangoni. Gandalf, mchawi aliyeandamana nao, anabaki na fimbo yake. Háma anaitazama, anajua kwamba fimbo mkononi mwa mchawi huenda ikawa zaidi ya mkongojo wa mzee, anapima, kisha anaamua kwa akili yake mwenyewe kwamba watu hawa si waovu. Anawafungulia.

Aliyesoma Beowulf, shairi kongwe la Kiingereza ambalo Tolkien alilifundisha kwa miaka mingi, atautambua mlango huo. Humo pia mashujaa wanaacha mikuki na ngao nje ya ukumbi, na humo pia mlinzi hutakiwa kupima maneno ya mgeni. Lakini Tolkien hakunakili. Amechukua desturi ya mlangoni akamkabidhi mtu mmoja, bawabu, na mtu huyo akaendelea kuishi baada ya tukio. Mfalme anapojiandaa kwenda vitani na kuuliza nani atabaki kuongoza raia, ni Háma anayemkumbusha kwamba yupo Éowyn, mpwa wake, mwanamke asiye na hofu na anayependwa na wote. Muda mfupi baadaye Háma anauawa mbele ya lango la ngome ya Hornburg. Bawabu amefia mlangoni, na kitabu hakisimami kutuonyesha jambo hilo.

Kazi inayonivutia kuliko zote, hata hivyo, imefichwa nyuma ya kitabu, katika viambatisho vya juzuu ya tatu vilivyotoka mwaka 1955, mahali ambapo wasomaji wengi hawafiki. Hapo kuna habari za Léod, mfuga farasi aliyemkamata mwanafarasi mweupe porini. Farasi yule akakua na kiburi, asifugike. Siku Léod alipothubutu kumpanda, alikwenda naye mbali, akamtupa, kichwa kikagonga jiwe. Léod akafa akiwa na umri wa miaka 42. Mwanawe Eorl alikuwa na miaka 16.

Eorl akaapa kulipiza kisasi. Akamwinda farasi yule kwa muda mrefu, na siku alipomwona, wenzake walidhani atanyemelea hadi upinde ufike na kumchoma mshale. Badala yake alisimama wazi akamwita: njoo, ewe muuaji wa mtu, upewe jina jipya. Farasi akaja, akasimama mbele yake. Eorl akampa jina la Felaróf, akamwambia kwamba hamlaumu kwa kuupenda uhuru wake, ila ana dia ya kulipa, na dia hiyo ni uhuru wenyewe, hadi mwisho wa maisha yake. Kisha akampanda bila hatamu wala lijamu, wakarudi nyumbani.

Anayejua dia ni nini katika sheria ya jamii inayotaka damu isiendelee kumwagika ataona uzito wa jambo hili mara moja. Dia hudaiwa mtu. Mnyama aliyeua kwa kawaida huchinjwa au hufukuzwa; hashtakiwi, kwa kuwa hana hadhi ya mshtakiwa. Eorl anapomdai Felaróf dia, anamwingiza katika sheria ya wanadamu: anaweza kukosa, anaweza kudaiwa, anaweza kulipa. Uhusiano wote wa Rohirrim na farasi wao umeanzia kwenye hukumu hiyo ya kijana yatima, na ni hukumu ya haki kuliko nyingi zinazotolewa na majaji wenye majoho. Eorl alipouawa vitani alizikwa katika kilima cha kwanza cha wafalme, na Felaróf akazikwa humo humo.

Sasa tusogee mbele miaka mia tano. Théoden, wa ukoo ule ule, anapigana mbele ya mji wa Minas Tirith. Farasi wake Snowmane anashtuka kwa hofu ya adui arukaye, anachomwa mshale na kumwangukia bwana wake. Farasi ameua tena. Watu wa Théoden wanamzika Snowmane pale pale alipoanguka, wanamwekea jiwe lenye maandishi kwa lugha mbili, na maandishi hayo yanamtaja kwa pamoja kuwa mtumishi mwaminifu na sababu ya kifo cha bwana wake. Mwandishi dhaifu angemtafuta mzee mmoja aseme kwamba mambo yamejirudia kama zama za Léod. Tolkien ameweka kisa kimoja katika simulizi, kingine katika kiambatisho, akanyamaza. Watu wanaomzika farasi aliyeua mfalme kwa heshima kama hiyo hawahitaji kuelezwa, kwa maana walikwisha kuamua miaka mia tano iliyopita.

Kuhusu lugha yao sina mengi. Tolkien alijifanya mfasiri wa kitabu cha kale, akaipa lugha ya Rohirrim sura ya Kiingereza cha kale, kwa hoja kwamba ilikuwa na undugu wa mbali na lugha ya zamani ya hobiti, watu wadogo wa kitabu hicho. Ni mchezo wa msomi, na ameucheza vizuri. La kufurahisha ni kwamba Waingereza wenyewe wa zamani walipigana zaidi kwa miguu, na huko Hastings mwaka 1066 walishindwa na jeshi lililokuwa na wapanda farasi. Tolkien amewapa lugha yao watu ambao hawashuki farasini.

Kinachoniridhisha zaidi ni kwamba hakuwapenda kiasi cha kuwaficha. Nchi ya Rohirrim walipewa na watawala wa Gondor, nchi jirani, na watu wa Dunland, waliosukumwa kaskazini na magharibi, hawajalisahau dai lao. Wakati wa vita vya Hornburg, mzee Gamling anaeleza chuki hiyo waziwazi, wala haiiti wazimu. Watu wa Dunland wanaposhindwa na kuambiwa waape, wazike wafu na warudi makwao, wanashangaa, maana walikuwa wameambiwa kwamba Rohirrim huchoma mateka wakiwa hai. Hapo Rohirrim wanatoka wasafi. Kisha anakuja Ghân-buri-Ghân, mkuu wa watu wa msituni, anayewaonyesha wapanda farasi 6,000 njia iliyosahaulika ya kufika vitani. Anaomba nini? Kwamba giza likipita, watu wake waachwe msituni mwao, wasiwindwe tena kama wanyama. Hakuna mahali pengine tulipoelezwa kwamba Rohirrim hao waungwana huwinda watu. Théoden hashangai, habishi, hakanushi. Anakubali sharti.

Kwa hiyo farasi ana haki ya kudaiwa dia, na binadamu wa msituni huwindwa. Tolkien ameyaweka mambo hayo mawili katika kabila moja, na kwangu mimi hapo ndipo Rohirrim wanapoacha kuwa picha ya ukutani. Jamii ninazozijua zote ziko hivyo.

Lawama moja ninayo. Tunajua majina ya wafalme 18 wa nchi ile, mmoja baada ya mwingine, na miaka ya wengi wao. Raia wa kawaida wenye majina karibu wote ni askari, na wanawake wenye majina ni wa nyumba ya mfalme. Nchi yenye farasi wengi kiasi hicho ina watu wa kuwalisha, wa kuwakanda miguu, wa kuwazalisha usiku wa baridi. Kati ya watu hao, Tolkien, aliyekumbuka kuyahesabu matandiko, hakumpa jina hata mmoja.