Mbavu Baada ya Ngozi

Nilifika Nungwi, kaskazini mwa Unguja, nikiwa na futi kamba mfukoni na penseli sikioni. Mimi ni seremala wa milango na makabati. Chuoni tulifundishwa kwamba kazi huanzia kwenye karatasi: unachora, unaandika vipimo kwa milimita, unakata vipande vyote, ndipo unaunganisha. Kwa hiyo asubuhi ya kwanza, baada ya shikamoo na marahaba, nilimwomba mzee aliyekuwa akiunda mashua pale ufukweni anionyeshe mchoro wake. Akautazama mkuku uliolazwa juu ya magogo, akanitazama mimi, akasema, "Si huo hapo?"

Ulikuwa mkuku mtupu, na nguzo mbili zimesimama, moja ya omo, mbele, na nyingine ya tezi, nyuma. Kati ya nguzo hizo alifunga uzi, akauvuta mpaka ukawa unalia ukiguswa. Tangu hapo kila swali lake alilipeleka kwenye uzi huo.

Mimi nikawa nangoja mataruma. Hizo ndizo mbavu za chombo, na akili yangu ya makabati ilijua kwamba fremu hutangulia, mbao zikafuata. Mzee akaanza na mbao. Ubao wa kwanza ukakaa kando ya mkuku, wa pili juu yake, ukingo kwa ukingo bila kulaliana. Siku ya tatu subira ikaniishia, nikauliza mbavu ziko wapi.

"Mbavu nitazikata kwa kipimo gani, mwanangu, na tumbo lenyewe halijakuwapo?"

Utaratibu huo ni wa kale. Mitepe, vile vyombo vya pwani yetu vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, navyo vilianza kwa mbao kushonwa, mbavu zikafungwa ndani baadaye. Mitepe ilitoweka katika karne ya 20, msumari ukachukua nafasi ya kamba, lakini mbao hazikunyang'anywa zamu yao.

Ubao mmoja una kazi ya siku nzima. Mzee na kijana wake wanauinua, wanaushikiza mahali pake kwa kamba na magadi ya miti, kisha mzee anaingia ndani, anachuchumaa, anatazama mwanga unaopenya kwenye mwanya. Pasipopita mwanga ndipo ubao unapogusa, na hapo panapogusa ndipo panapozuia kwingine kushuka. Anatia alama ya mkaa. Ubao unashushwa, anaukanyaga kwa nyayo, na tezo inaanza kazi, makali yakija upande wa vidole vyake vya miguu, yakitoa vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu. Hapigi kwa nguvu. Anaiacha tezo ianguke kwa uzito wake, yeye anaamua tu ianguke wapi. Kisha ubao unarudi juu. Niliuhesabia ubao mmoja: ulipanda na kushuka mara 11. Mara ya 11 mwanga ulikatika wote, kutoka omo mpaka tezi, na mzee akaenda kunywa maji.

Ndipo ikaja keekee. Kijana anashika upinde, uzi wake umezungushwa kwenye mti wa keekee, anauvuta na kuusukuma, na chuma kinazunguka huku na huku kikila mbao kwenda na kurudi. Tundu ni jembamba kuliko msumari, ili ubao usipasuke na msumari usilegee. Kabla ya kuupigilia, mzee anauzungushia msumari nyuzi za pamba zilizolowa mafuta, chini kidogo ya kichwa. Kichwa kikizama, pamba inajibana na kuziba njia ya maji. Mamia ya misumari, na kila mmoja anavishwa hivyo hivyo, kwa vidole.

Futi yangu nilianza kuionea haya siku aliyolinganisha pande mbili. Alichukua kipande cha uzi, akakinyoosha kutoka ule uzi wa katikati mpaka ukingo wa kulia, akabana kwa kidole, akakigeuzia kushoto. Pungufu ya nusu ya ukucha. Akakaza kamba moja, akapima tena, pakawa sawa. Hakujua ni sentimita ngapi na wala hakuwa na haja ya kujua. Miaka yote mimi nauliza ni kiasi gani. Yeye anauliza kama huku ni sawa na kule. Swali lake ni fupi zaidi, na nambari haina pa kukosewa kwa sababu haipo.

Mbao za chini zilipokwisha kukaa, akaniomba nisimame. Kwa siku 4 nilikuwa nimekalia rundo la matawi yaliyopinda nikidhani ni kuni, kumbe ndiyo mataruma. Tawi lililopinda lenyewe lina nyuzi zinazofuata mpindo. Ukikata umbo hilohilo kwenye ubao ulionyooka, nyuzi unazikata, na mbavu itavunjika hapo. Nilikuwa nalijua hilo. Sikuwahi kulitumia.

Akanipa tawi moja nijaribu. Nilipima tumbo la mashua mahali 6, nikaandika, nikakata kwa msumeno, nikaona fahari. Taruma likakaa kwa ncha moja tu na likawa linacheza. Nilikuwa nimepima mpindo nikasahau msokoto, kwa kuwa mbao zikikaribia omo hazipindi tu, zinajinyonga pia, na futi yangu haikuwa na la kusema juu ya hilo. Mzee hakucheka. Akachukua tawi jingine, akapaka mkaa kwenye mbao za chombo, akaliweka, akaligonga mara moja, akaliinua. Penye weusi ndipo penye kosa. Akanikabidhi tezo.

Nisieleweke kwamba mafundi wa pwani wamefungwa na yao. Lamu, mwaka 2018, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walishusha majini Flipflopi, chombo kilichoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuvishwa kandambili kuukuu, na mwaka 2019 kikasafiri mpaka Zanzibar. Plastiki haina nyuzi, na jua huilainisha na kuitanua. Mtu aliyezoea kuusikiliza mti kwa tezo ilimbidi ajifunze upya.

Jirani yetu pale Nungwi alikuwa ameshafikia kalafati. Aliipenyeza pamba yenye mafuta kwenye kila kiungo kwa patasi butu, akigonga polepole. Mlio ulikuwa mtupu mwanzoni, kisha ukajaa, na ulipojaa akasogea mbele shibiri moja. Chini kabisa chombo kingepakwa deheni, chokaa iliyokandwa na mafuta ya mnyama.

Nilipoondoka mataruma 14 yalikuwa yamekaa, na mawili kati yake ni ya mkono wangu. Lile la kwanza, la vipimo 6, lilichemshia chai.