Tasnifu za Wanafunzi na Katalogi ya Maktaba: Tatizo la Majina

Mtafiti atakaye kujua yaliyoandikwa juu ya Kiswahili cha Lubumbashi hukutana kwanza na kazi zilizotolewa ng'ambo: makala ya Edgar Polomé ya mwaka 1968, vitabu vya Johannes Fabian, uchunguzi wa Walter Schicho. Tasnifu za wanafunzi walioketi na wazee wa Katuba na Kamalondo, wakanakili maneno yao, huonekana kwa nadra. Si kwamba hazikuandikwa. Mwaka 1971 Kitivo cha Fasihi cha Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire kiliwekwa Lubumbashi, na katika mfumo wa wakati ule hakuna aliyepata lisansi bila tasnifu.

Dawa inayotajwa siku hizi ni kupiga picha kurasa na kuziweka katika hazina ya kidijitali. Vyombo havikosekani: programu ya DSpace, ambayo hailipiwi, ilitolewa mwaka 2002, na kanuni ya OAI-PMH ya mwaka 2001 huiwezesha katalogi kuvuna maelezo ya kila kazi kutoka hazina nyingine. Lakini huvunwa kilichopandwa tu. Ikiwa aliyeingiza faili ameandika jina la mwandishi, mwaka na kichwa cha Kifaransa, basi hayo ndiyo yatakayofika katalogini.

Na vichwa hivyo vimebeba majina yaliyokwisha kubadilika. Elisabethville uliitwa Lubumbashi mwaka 1966. Katanga ikawa Shaba mwaka 1971, ikarudia jina lake mwaka 1997, kisha ikagawanywa mikoa minne mwaka 2015. Tasnifu ya mwaka 1978 inayotaja Shaba haitamfikia mwanafunzi aandikaye Katanga. Naye, kama alizaliwa baada ya 1997, huenda neno shaba likamkumbusha madini tu. Lugha yenyewe haikusalimika: vitabu vya zamani vina Kingwana, vingine Kiswahili cha Shaba, vingine cha Katanga. Alama ya lugha inayotumiwa na maktaba nyingi, swa, haitofautishi utenzi wa Lamu na mazungumzo ya wachimba migodi. Alama swc, ya Kiswahili cha Kongo, imo katika orodha ya ISO 639-3 ya mwaka 2007, ila maktaba nyingi haziitumii.

La watu ni gumu zaidi. Mwaka 1972, siasa ya uhalisi ya Mobutu ilipokataza majina ya Kikristo, Valentin-Yves Mudimbe akawa Vumbi Yoka Mudimbe. Kwa kuwa alikuwa mtu mashuhuri, maktaba zilimweka chini ya V. Y. Mudimbe na kuyaunganisha majina yake. Mwanafunzi asiyejulikana, aliyeandika kazi ya kwanza kwa jina moja na tasnifu kwa jina jingine, amebaki watu wawili.

Ustadi wa kutatua jambo hili ni wa kale. Katika makabati ya kadi, mkutubi alichagua jina moja sanifu, na chini ya kila jina jingine akaweka kadi yenye neno «tazama». Inashangaza kwamba hazina nyingi za kisasa, zenye uwezo mkubwa kuliko makabati hayo, hupokea jina kama lilivyopigwa na kuliacha hivyo.

Husemwa kwamba mwandishi mwenyewe aombwe maneno ya mada anapokabidhi kazi yake. Shauri hilo ni jema kwa tasnifu za leo, hasa maneno hayo yakitolewa kwa Kifaransa na kwa Kiswahili pia, ili wazungumzaji waliohojiwa nao waweze kutafuta. Haliwafai waliohitimu miaka arobaini iliyopita. Hao wanamhitaji mkutubi afungue tasnifu, asome utangulizi, aandike mtaa, kazi ya wahojiwa na lugha ya mazungumzo. Ni kazi ya polepole, na bajeti hupenda kuhesabu kurasa zilizopigwa picha.

Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville kwa Kiswahili cha mji huo. Ilijulikana mbali baada ya Fabian kuichapisha mwaka 1990, na leo hupatikana kwa jina la Yav na kwa jina la mji. Katika viambatisho vya tasnifu mna masimulizi ya watu wa rika la Yav. Wengi wao wamekwisha kufa, na mahali ambapo kanda za sauti hazikuhifadhiwa, kurasa hizo zilizopigwa taipu ndizo nakala pekee. Kuorodhesha kuanzie kwenye tasnifu hizo.