Kipuri Kabla ya Ahadi: Mwongozo wa Kupima Huduma ya Mashine za Kujazia Risasi

Wanunuzi wengi wa mashine za kujazia risasi nchini Marekani huuliza kwanza dhamana ni ya miaka mingapi. Swali hilo lina maana, lakini haliwafikishi mbali. Karatasi ya dhamana huandikwa siku moja na mtu wa sheria. Huduma hutolewa kwa miaka thelathini na watu wa stoo, wa karakana na wa simu, na ubora wake hauna uhusiano wa lazima na ukubwa wa maneno yaliyochapishwa kwenye boksi. Ninachokitetea hapa ni kwamba huduma nzuri ya baada ya mauzo hukaa kwenye kipuri: kama kipo, kama kina namba yake, kama mwenye mashine anaweza kukifunga mwenyewe mezani kwake, na kama anayepokea simu anakijua. Tena sehemu kubwa ya mambo hayo huonekana kabla mtu hajatoa hata dola moja.

Tuielewe kwanza kazi yenyewe. Ganda la shaba njano lililokwisha kufyatuliwa hutolewa fataki iliyolia, hurudishwa kwenye kipimo chake ndani ya kalibu, huwekwa fataki mpya, hutiwa baruti, kisha hukazwa kichwa cha risasi mdomoni. Mashine ya hatua moja hufanya tendo moja kila mkono unapovutwa. Mashine ya mfululizo ina sahani inayozunguka na maganda kadhaa kwa pamoja, na ikishajaa, kila mvuto mmoja hutoa risasi kamili. Sasa tazama uzito wa jambo: risasi ya milimita 9 inaruhusiwa kufikia mgandamizo wa pauni 35,000 kwa inchi ya mraba, kwa viwango vya SAAMI, chombo cha watengenezaji wa silaha na risasi cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1926. Springi ndogo inayosaidia sahani kuzunguka ikilegea, na mwenye mashine asitambue, ganda moja laweza kutiwa baruti mara mbili, na bunduki ikapasuka mkononi. Kwa hiyo springi ya senti chache ni kinga ya macho na vidole, na kampuni inayoichelewesha miezi miwili humwacha mteja achague kati ya kusimamisha kazi na kuendelea kwa kubahatisha.

Maneno ya dhamana nayo yana sheria yake. Sheria ya Magnuson-Moss ya Marekani, ya mwaka 1975, inataka dhamana iliyoandikwa ya bidhaa za walaji ijitambulishe wazi kuwa ni kamili au yenye mipaka, na kwa kawaida inakataza mtengenezaji kumfunga mteja atumie kipuri cha jina fulani tu ndipo dhamana isimame. Tume ya Biashara ya nchi hiyo pia ina mwongozo kuhusu neno “maisha” kwenye matangazo: pale lisipoeleweka, mtangazaji aeleze ni maisha ya nani, ya mnunuzi au ya kifaa. Mnunuzi makini atasoma mstari huo kabla ya kusoma bei. Dhamana ya maisha yenye mipaka mara nyingi hufunika kasoro za mali ghafi na za utengenezaji. Uchakavu ni habari nyingine, na mashine ya kujazia risasi, ikitumiwa kama ilivyokusudiwa, huharibika zaidi kwa kuchakaa kuliko kwa kasoro ya kuzaliwa nayo.

Hapa ndipo mifano miwili ya Marekani inapofaa kuwekwa bega kwa bega. Dillon Precision ya Arizona imejijengea jina kwa ahadi ya maisha kwa mashine zake za matumizi ya nyumbani, bila kujali kama aliyenayo ndiye mnunuzi wa kwanza. Lakini kampuni hiyohiyo huipa RL 1100, mashine yake kubwa inayokaribia kazi za kibiashara, dhamana ya mwaka mmoja, na vifaa vya umeme vilevile. Lee Precision ya Hartford, Wisconsin, kampuni iliyoanzishwa na Richard Lee mwaka 1958, huahidi miaka miwili tu. Hata hivyo imekuwa na utaratibu wa kuipokea bidhaa yake yoyote ambayo bado inatengenezwa, iwe na umri wowote na hali yoyote, na kuirudisha ikiwa kama mpya, pamoja na dhamana mpya, kwa nusu ya bei ya sasa. Anayesoma vichwa vya habari ataona maisha dhidi ya miaka miwili na kuamua papo hapo. Anayesoma kwa makini ataona kwamba kampuni zote mbili zimesema ukweli juu ya uchakavu, kila moja kwa njia yake: ya kwanza imekiri kwamba mashine inayofanyishwa kazi mchana kutwa haiwezi kubebwa milele, na ya pili imeweka bei inayojulikana kwa uzee.

Msomaji atapinga: hata ukisema hivyo, maisha si bora kuliko miaka miwili? Ni bora, vipuri vikiwapo na mambo mengine yakilingana, na hayalingani. Dillon huuza bei ya juu. Lee huuza vitu ambavyo mjazaji anayeanza, mwenye fedha kidogo, anaweza kuvipata mwezi huu. Mwenye mashine ya hatua moja anayejaza risasi hamsini za kuwindia kwa mwaka hana haja ya kulipia mapema ukarabati ambao pengine hatauhitaji hata siku moja. Anayefanya mashindano ya bastola na kufyatua maelfu ana haja hiyo kwelikweli, kwa sababu springi, pini na vishikio vya ganda kwake ni chakula cha mashine. Dhamana nzuri ni ile inayolingana na wingi wa mivuto ya mkono wako. Mtu asiyejua atavuta mara ngapi kwa mwaka hajawa tayari kulinganisha kampuni.

Sasa tuiangalie mashine yenyewe, maana chuma husema mengi kuliko tangazo. Anza na sindano ya kutolea fataki, kwa kuwa ndiyo huvunjika kabla ya kingine chochote. Maganda ya mtindo wa Boxer yana tundu moja katikati. Yale ya mtindo wa Berdan yana matundu mawili yaliyo pembeni, na sindano ikikutana nayo hukita kwenye shaba na kukatika. Mtengenezaji mwenye akili amelijua hilo tangu zamani. Wapo wanaotengeneza sindano rahisi, ya kubadilishwa kwa spana moja, na kukuuzia pakiti yake. Kalibu za Lee, kwa upande wao, hubana sindano kwa kola inayoiruhusu iteleze juu inapokutana na kizuizi, badala ya kuvunjika. Njia zote mbili zinastahili heshima. Isiyostahili ni sindano iliyofungwa kiasi kwamba kalibu nzima lazima irudi kiwandani.

Kisha tazama nguzo inayopanda na kushuka ndani ya fremu ya chuma cha kusubu. Masizi ya fataki zilizolia husaga chuma, na yakiingia kati ya nguzo na tundu lake, nafasi hupanuka mwaka hadi mwaka. Ipandishe nguzo hadi juu na uitikise kwa vidole, hasa unaponunua mashine iliyokwisha tumika. Mtikisiko mkubwa hapo hauponyeki kwa kipuri cha kutumwa kwa posta, maana kilichochakaa ni fremu. Ndiyo sababu napenda mashine kama Classic Cast ya Lee, ambayo hushusha fataki zilizolia kupitia ndani ya nguzo yenyewe hadi kwenye mpira wa kutolea taka: mbunifu wake aliufikiria ukarabati na kuuzuia usitokee. Uliza pia kama mashine inapokea kalibu zenye hesi ya inchi 7/8 yenye meno 14 kwa inchi, ambayo imekuwa kipimo cha kawaida kwa watengenezaji wengi. Square Deal B ya Dillon hutumia kalibu zake peke yake. Si dhambi, lakini mwenye mashine hiyo ametia mayai yake yote kwenye kapu la kampuni moja, na ubora wa huduma ya kampuni hiyo unamhusu zaidi ya jirani yake.

Halafu kuna mtu wa simu. Fikiri mteja analalamika kwamba fataki zake hazizami vizuri kwenye ganda. Mhudumu dhaifu atasema lete mashine. Mhudumu mkarimu atatuma kipuri bila kuuliza, na mteja atamsifu, ingawa tatizo huenda likabaki palepale. Mhudumu bora atauliza kwanza maganda yametoka wapi, kwa sababu mengi ya kijeshi yana pete iliyokandamizwa kuzunguka fataki, na pete hiyo isipoondolewa hakuna kipuri kitakachosaidia. Na mashine ikilazimika kurudi, kabla ya kutoa anwani ataagiza itolewe fataki na baruti yote. Bomba la fataki mia moja likilipuka ni hatari kwa wafanyakazi wa posta na kwa fundi atakayelifungua boksi. Kampuni isiyokumbusha hilo haijawahi kuitafakari kazi yake vya kutosha.

Wako wanaosema kwamba ukarimu huu hulipwa na wateja waangalifu: bei hupanda ili wazembe watumiwe vipuri bure, na kampuni hupata kichaka cha kufichia muundo mbaya. Sehemu ya kwanza ni kweli, na kila aina ya bima iko hivyo. Sehemu ya pili ina dawa ya kuipima. Angalia kama kipuri kinacholalamikiwa sana hubadilishwa umbo toleo linalofuata. Mashine ya Dillon ya XL 650 ilisogeza fataki kila mkono ulipovutwa, hata pasipokuwa na ganda, na fataki zisizotumika zikamwagika kwenye kikombe. XL 750, iliyochukua nafasi yake mwaka 2019, ilikuja na mfumo mwingine usio na tabia hiyo. Malalamiko yalipata njia ya kufika kwenye meza ya michoro. Kampuni inayotuma springi ileile miaka kumi, bure, bila kuigusa, ina roho nzuri na sikio zito.

Pingamizi nzito zaidi ni ile ya umiliki. RCBS, kampuni nyingine ya mashine hizi, ilianzishwa na Fred Huntington huko Oroville, California, mwaka 1943. Baadaye iliingia mikononi mwa Blount, kisha ATK mwaka 2001, kisha Vista Outdoor baada ya ATK kugawanyika mwaka 2015. Ahadi ya maisha inawezaje kuvuka mikono yote hiyo? Huvuka pale michoro, kalibu za kusubia na rafu za vipuri zinapohamishwa pamoja na jina. Mnunuzi hawezi kuyaona mauzo ya ndani ya makampuni, lakini anaweza kuuliza kipuri cha mashine ambayo haitengenezwi tena. Jibu la swali hilo lina uzito kuliko kurasa zote za dhamana. Kwa aliye mbali, kwa mfano mjazaji wa Afrika Kusini, lina uzito maradufu, kwani kipuri chepesi husafiri ila fremu ya chuma inaweza kumgharimu nauli ya mashine nyingine.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, chukua mchoro wa vipuri wa mashine unayoitaka, chagua namba ya springi moja na ya sindano moja, kisha ipigie simu kampuni uulize bei, na kama vipo rafuni leo. Uliza na kipuri cha toleo lililopita. Ukijibiwa kwa namba na tarehe, nunua. Ukijibiwa kwa sifa za dhamana, endelea kutafuta.